Jina Lililochongwa Gebtu

Siku za nyongeza, siku ya tatu

Siku hizi tano za kufungia mwaka hazimo katika mwezi wowote, na mtu mwenye akili zake hukaa nyumbani. Mume wangu Jeho hana habari. Ameamua kwamba kesho atavuka na mwanetu Nakhti kwenda ng'ambo ya mashariki kwa mfinyanzi, kuniletea mitungi mipya. Ni kweli naihitaji. Mimi ni mmwaga maji. Kila baada ya siku kumi napanda makaburini hapa Jeme, nawamwagia marehemu wa watu maji ya Mto na kuwaita kwa majina yao, na mtungi wangu wa zamani umeingia ufa. Lakini nilimwambia asubiri mwaka ugeuke.

"Mto haujui leo ni siku gani, mama Nakhti," akasema.

Nakhti akacheka, mdomo umejaa kitunguu. Huyu kila kitu kwake ni kicheko. Akiwa mdogo fahali alimkanyaga mguu wa kushoto, kidole chake cha mwisho kikapotea, na hilo nalo amelifanya mzaha. Husema kidole hicho kimetangulia Magharibi, kwa wafu, kumwekea nafasi. Namkataza, hasikii.

Naandika haya juu ya vigae. Ninavyo tele, maana kila maziko watu huvunja mitungi myekundu mlangoni mwa kaburi na vipande huachiwa mijusi. Baba hakujaliwa mtoto wa kiume, ndiyo maana kazi na kuandika vyote alinifundisha mimi.

Siku ya nne

Mtumbwi umepinduka. Jeho amerudi. Nakhti hajarudi.

Siku ya tano

Wanaume wote wa mtaa wametoka na mitumbwi. Maji yamekuwa mekundu na yanakwenda kasi, na bado yanapanda.

Jeho alirudi jana akiwa amekumbatia mtungi. Ulikuwa mtupu, mdomo wake umezibwa kwa udongo, ndiyo maana ulielea naye akaelea nao. Aliuweka pembeni mwa ukuta, pale pale ninapoweka mitungi yangu siku zote, kama mtu aliyetumwa kitu akakileta. Nikamuuliza mwanangu yuko wapi.

"Nilimshika mkono," akasema.

"Halafu?"

"Nilimshika mkono, Tabesi."

 Nilitamani kuuchukua ule mtungi nimpasulie nao kichwa. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyotamani, na bado natamani.

Mwezi wa kwanza wa mafuriko, siku ya kwanza

Mwaka mpya. Watu wamevaa kitani safi. Jirani yangu Renenu, mke wa mpika pombe, ameingia na mkate na mtungi wa pombe ya shayiri, akanipigia vigelegele mlangoni.

"Hongera, mama Nakhti! Hongera sana!"

"Hongera ya nini?"

"Ya nini tena? Mto umejichagulia! Aliyechukuliwa na Mto ni wa Osiri, bwana wa wafu, moja kwa moja, hapimwi, hachunguzwi, hasubirishwi mlangoni. Ni mungu huyo. Wetu sisi watakufa kwa homa, wataoza kama mbuzi. Wewe umezaa mungu, dada!"

"Basi mtoe wako wa kwanza. Maji bado yapo."

Aliuvuta mtungi wake karibu. Kisha akasema huzuni imenipanda kichwani, akauacha mkate, akaondoka na pombe yake.

Siku ya tatu

Hakuna.

Siku ya saba

Watu wanaendelea kunipongeza. Fundi wa majeneza amenipongeza. Mama mzee asiye na meno aliye mwisho wa mtaa ametembea kwa mkongojo mpaka hapa kuninong'oneza nimwambie Nakhti amwombee magoti yake. Nikamwambia nitamwambia. Ningefanya nini?

Naijua imani hii kuliko wao. Mimi ndiye ninayewaimbia. Lakini naijua pia ile sehemu wanayoisahau: hata aliyechaguliwa na Mto sharti apatikane. Sharti ini na mapafu na tumbo na matumbo yake yawekwe katika mitungi minne na kukabidhiwa walinzi wanne, mwenye kichwa cha mtu, wa nyani, wa mbweha na wa kipanga. Sharti moyo ubaki kifuani. Sharti jina liandikwe juu ya hivyo vyote, ili akiitwa ajue ni yeye anayeitwa. Asiyekuwa na mwili wala jina mahali popote hafiki popote. Anakufa, halafu anakufa tena.

Nakhti wangu yuko majini na mamba, na watu wananiletea mikate.

Siku ya kumi

Zamu yangu makaburini. Nilishuka mtoni kuchota, nikainama, nikashindwa. Kama yumo humo, nachota nini? Nilichota maji ya kisima cha chumvi nyuma ya hekalu, nikawamwagia hayo marehemu wa watu wote. Hakuna aliyelalamika.

Siku ya kumi na tatu

Jeho hutoka kabla ya jua na kurudi jua limezama. Hasemi anakokwenda. Nadhani analala kwenye kivuli cha miti ya watu ili asinitazame usoni. Amekonda. Simwonei huruma hata kidogo.

Siku ya kumi na tisa

Maji yamefika kwenye ngazi ya hekalu. Mashamba yote yamekuwa ziwa. Bata wanaogelea palipokuwa na shayiri ya binamu yangu.

Siku ya ishirini

Nilitoka kwenda tena kisimani, nikakuta mtungi umeshajazwa maji ya Mto, umewekwa mlangoni kwangu. Ni ule ule wa Jeho. Kumbe amejua tangu ile mara ya kwanza. Nikaubeba. Kule juu niliwaita marehemu mmoja mmoja. Nilipomaliza, ulimi ulitaka kuongeza jina moja. Niliung'ata.

Siku ya ishirini na nne

Renenu amekuja, safari hii bila vigelegele. Akakaa chini, akafinyafinya ncha ya nguo yake.

"Mama Nakhti, mwambie mumeo apunguze. Baba watoto amemwona karibu na matete makubwa, maji kifuani, anachokoachokoa chini kwa upondo. Kila siku. Kuna viboko pale. Utabaki bila mtu."

Nilidhani analala kivulini.

Jioni nilimpikia samaki na kumwekea mafuta kwenye malengelenge ya viganja. Alikula bila kuinua macho. Kisha akaniambia, polepole, kwamba mkono wa Nakhti uliteleza kwa sababu ulikuwa na udongo wa mfinyanzi. Alikuwa amemsaidia mfinyanzi kukanda udongo, akasema atanawia mtoni.

Nililia. Naye akalia. Hatujawahi kulia pamoja, hata alipokufa binti yetu.

Mwezi wa pili, siku ya pili

Hakuna.

Siku ya sita

Hakuna. Joto. Mbu.

Siku ya tisa

Amekuja mtu wa mashua kutoka Gebtu, kule maji yanakoelekea. Gati la hekalu lao limepokea kijana siku nyingi zilizopita. Makuhani wamemchukua kama desturi inavyotaka: mji aliotua ndio unaomzika, tena kwa heshima kubwa, na hakuna ruhusa kwa mtu mwingine kumgusa, awe mzazi, awe ndugu. Yuko ndani ya magadi anakauka. Kilichobaki ni jina. Wamemtuma mtu huyu aulize miji ya juu ni nani aliyepotelewa.

Niliinuka kwenda na nguo niliyokuwa nimeivaa. Jeho akanishika bega.

"Kesho una zamu. Niache niende mimi."

"Ni mwanangu."

"Amekaa majini, Tabesi. Usiende ukaona kitu utakachokiona kila ukifumba macho. Niache mimi nione, halafu nitakwambia."

Nimemwacha. Nilimsindikiza mpaka kwenye mashua nikamwambia, "Tazama mguu wa kushoto." Akasema atatazama.

Siku ya kumi

Nimemwaga maji. Mengine nimeyamwaga miguuni pangu.

Siku ya kumi na nne

Jeho amerudi. Alisimama mlangoni, mwanga ukiwa nyuma yake, nisiuone uso wake.

"Ni yeye," akasema.

Nilianguka chini nikabusu miguu yake, mimi niliyetaka kumpasua kichwa. Nikamuuliza alifananaje. Akasema uso umeharibika. Nikauliza, mguu je? Akasema, "Nimekwambia ni yeye." Kisha akaenda kukaa karibu na ule mtungi, akaanza kuusugua kwa mchanga ingawa ulikuwa safi.

Amewapa jina. Watalichonga, na Osiri mbele yake kama kwa kila marehemu: Osiri Nakhti, mwana wa Jeho, aliyezaliwa na Tabesi. Leo nitalala usingizi.

Siku ya ishirini na tatu

Mkate ulikuwa mtamu leo. Nimeona aibu kuuona mtamu.

Mwezi wa tatu, siku ya tano

Jeho ananisimulia mitungi minne, ninapomwomba, yaani kila siku. Ni ya jiwe jeupe, lile linalopitisha mwanga ukiliweka mbele ya taa. Sisi tungempa ya udongo, tena yenye vifuniko vya kuchora tu. Sasa mwanangu atakuwa na mitungi ya watoto wa wakubwa. Renenu amelisikia hilo na ameutangazia mtaa mzima, na ametia chumvi; sasa eti kichwa cha kipanga kina macho ya dhahabu. Nimemwacha aseme.

Mimi nafikiri zaidi juu ya mwenye kichwa cha nyani, anayelinda mapafu. Namwomba ayakaushe vizuri.

Siku ya kumi na nane

Maji yamesimama. Hayapandi, hayashuki.

Mwezi wa nne, siku ya nne

Maji yanashuka. Ukuta wa shamba la binamu yangu umeanza kuonekana.

Siku ya kumi na moja, Gebtu

Nimefika. Kesho wanamzika. Jeho alinisihi nibaki nyumbani. Alisema safari ni ndefu, alisema nitaugua, mwishowe akasema waziwazi hataki niende. Sikumwelewa. Nilibeba mtungi wake, nimeujaza maji kutoka kwetu, nimmwagie mwanangu kwa mara ya kwanza. Naye akapanda mashua, akakaa mbele kabisa, mgongo kwangu.

Kuhani anayehusika anaitwa Padimin. Ni mnene, mpole, amenyolewa mpaka nyusi. Alituzuia kizingitini mwa chumba cha kufungia maiti kitani.

"Mtamwona kutoka hapa, mama. Msivuke. Si wenu tena, ni wa Mto."

"Nimeleta maji ya kummwagia."

Alitabasamu kwa huruma kweli, ndiyo iliyonichoma. "Huyu hamwagiwi maji, mama. Maji ndiyo yaliyomleta. Jina lake tutaliita kila asubuhi, milele. Lakini maji, hapana. Rudi nayo."

Maisha yangu yote nimemwagia watoto wa wenzangu.

Naandika juu ya kigae nilichookota uani kwao. Ni kikubwa, na nina haja nacho, maana lililofuata ni hili.

Mwili ulikuwa umeshafungwa kitani mpaka magotini. Ilibaki miguu. Mfungaji mzee alikuwa amepiga magoti akifunga kidole kimoja kimoja, kila kimoja na kitambaa chake, kama ilivyo kazi nzuri. Kwenye muundi wa kulia niliona kovu la kuungua, umbo la kunde. Nikasema moyoni, alilipata lini? Kisha akahamia mguu wa kushoto. Akafunga kidole gumba. Akafunga cha pili, cha tatu, cha nne. Halafu akachukua kitambaa kingine, akafunga cha tano.

Nilimgeukia Jeho. Alikuwa anatazama sakafu.

Padimin akasema, "Mama, kabla hatujaziba mitungi kwa chokaa ni desturi tuulize mara ya mwisho. Ikizibwa haifunguliwi tena. Jina ni hilo?"

Mitungi ilikuwa imepangwa ukutani. Kweli inapitisha mwanga. Na jina la mwanangu lilikuwa limechongwa juu yake mara nne, kwa mkono mzuri kuliko wangu. Niliwaza: nikisema siye, huyu mtoto atabaki bila jina, na wangu atabaki bila kitu. Nikisema ndiye, jina la Nakhti litaitwa hapa kila asubuhi hata baada ya mimi kufa, hata Jeme ikiwa mchanga mtupu. Mahali pamoja tu duniani, lakini mahali. Na niliwaza pia, sitasema sikuwaza: huyu ana mama.

"Ndilo," nikasema.

Wakaweka vifuniko. Mtu, nyani, mbweha, kipanga. Wakaziba.

Siku ya kumi na tatu, kwenye mashua

Tumesukumwa na upepo mpaka Gebtu ikapotea nyuma yetu.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua."

"Ukaniacha nikabusu miguu yako."

"Ungetaka niseme nini? Niingie ndani nikwambie hayupo? Umemtafuta wewe? Mimi nimemtafuta. Nimegusa kila shina la tete toka kwetu mpaka Madu. Hayupo, Tabesi! Mamba wamemmaliza!" Alikuwa anapiga kelele, na mwenye mashua alijifanya anakaza kamba. Kisha sauti ikamwishia. "Mwili ule ulikuwa hauna wa kuusemea. Na jina letu lilikuwa halina mwili. Nikaona nivikutanishe."

Kuna siku ningemchukia kwa hilo. Leo sikuweza, kwa sababu mimi nilifanya lile lile, tena macho yangu mawili yakiona.

Siku ya kumi na sita

Tumefika nyumbani. Vigelegele mtaa mzima. Renenu anauliza kama ni kweli macho ni ya dhahabu. Nikamwambia ni kweli.

Siku ya kumi na saba

Sili.

Siku ya ishirini

Nimemwaga maji makaburini. Nimewaita watu kwa majina yao, na kila jina nilijiuliza kama aliyelala chini ndiye mwenyewe.

Nawaza juu ya moyo wa yule kijana. Mapafu hayasemi, ini halisemi, yanalindwa tu. Lakini moyo waliuacha kifuani, na moyo ndio unaotoa ushahidi kwenye mizani ya wafu, hata kama Renenu anasema wa Mto hapimwi. Watamwita, "Nakhti, mwana wa Tabesi." Moyo utasema, "Mimi si Nakhti." Watauuliza, ni nani basi aliyekuita Nakhti? Na hapo utanitaja.

Na mwanangu, kama bado kuna kitu kinachoitwa Nakhti kinachorukaruka juu ya maji, akisikia jina lake Gebtu, atakwenda. Atafika kwenye miguu yenye vidole kumi. Atajua si yake. Atacheka? Sidhani kama atacheka.

Siku ya ishirini na mbili

Tope. Harufu ya samaki waliofia mashambani.

Siku ya ishirini na tatu

Tope.

Siku ya ishirini na sita

Leo asubuhi amekuja mwanamke, miguu imejaa tope mpaka magotini. Anaitwa Tamonti, anatoka Iuni, kule maji yanakotoka. Amekuja kwa miguu kijiji kwa kijiji, kwa sababu hakuna mashua iliyotaka kumchukua na maswali yake. Nilimpa maji na tende.

"Wameniambia wewe ni mmwaga maji," akasema. "Na wameniambia wewe ulimpata wako. Nikasema basi niende kwa huyo, atakuwa na mkono wenye baraka. Nataka unimwagie mwanangu. Sijampata. Najua haifai kumwagia asiyezikwa, lakini nifanyeje, mwenzangu? Ana kiu huyo."

"Anaitwa nani?"

"Pabeki. Alitumbukia siku za kufunga mwaka, alikuwa anavusha mbuzi. Kama umesikia lolote huko chini. Mrefu. Mpole, haongei. Ana kovu hapa," akainua mguu wake wa kulia na kugusa muundi, "la tanuri. Mimi ndiye niliyeacha tanuri wazi."

Jeho alikuwa mlangoni. Alikohoa. Nilimtazama nikidhani atanikataza. Alinikubalia kwa kichwa, kidogo sana, akaingia akakaa nasi chini, jambo ambalo hafanyi wakija wanawake.

Nikamwambia. Sikupamba. Nilimwambia kuhusu magadi na kitani, kuhusu kovu, kuhusu vidole, na kwamba niliulizwa nikajibu. Nilimaliza nikainamisha kichwa, nikingoja anipige. Ningefurahi angenipiga.

 Nje kuna mtu alikuwa anagombana na punda.

"Mdomo wake walikuwa wameufumba?" akauliza.

"Walikuwa wameufumba," akasema Jeho, aliyemwona kabla hajafungwa.

"Walimfunga vizuri?"

"Kila kidole na kitambaa chake," nikasema.

"Na mitungi?"

"Ya jiwe jeupe."

"Mimi sikuwa hata na ya udongo." Alijifuta uso kwa kiganja chenye tope. "Wanaweza kulifuta hilo jina?"

"Wameziba. Kwao ni mungu sasa. Hawatafungua, hata tukilala mlangoni."

"Maji nitaruhusiwa?"

"Hapana. Kumwita tu, kutoka mlangoni."

Akaanza kubandua tope lililokauka viganjani.

"Kwa hiyo nikifika pale nikaita Pabeki, hataitikia."

 Jeho aliziba uso wake.

Basi akaanza kulijaribu. "Nakhti," akasema, polepole, kama mtu anayeonja chakula cha ugenini. Akatikisa kichwa. Akarudia. "Nakhti. Nakhti, mwanangu. Nakhti, ni mimi mama." Alilisema mpaka likamtoka bila kusita, mbele yangu, kwenye mkeka ambao mwanangu alikuwa akilalia. Kisha akaomba aazimwe viatu, akaondoka kuelekea Gebtu. Hakunilaani. Hakunisamehe pia.

Siku ya thelathini, mwisho wa mafuriko

Zamu yangu. Nimewamwagia watu wote, nikabakiza maji katika mtungi wa Jeho. Nilishuka nayo mtoni, naye akanifuata. Mto umerudi mkondoni mwake na hauonyeshi chochote.

Nilisimama ukingoni nikafungua kinywa nimwite mwanangu. Jina halikutoka. Nikiliita, anayegeuka ni mtoto wa Tamonti, kule Gebtu. Nililitoa mwenyewe, nikaulizwa mara ya mwisho nikalitoa. Nikajaribu tena. Jeho alikuwa ananitazama, anangoja, na yeye pia hakuweza. Basi nikamwaga kimya kimya, mpaka yakaisha.

Kisha Jeho akauchukua mtungi ule uliomleta nyumbani akiwa hai, akauinua, akaupiga kwenye mawe kama tunavyofanya mlangoni mwa kila kaburi. Ulipasuka vipande vikubwa. Hiki ninachoandikia ni kimoja chake. Vingine tumeviacha pale kwenye tope.